Kinene au Chembamba

"Kile kinene hakibaki," Lucienne alisema. "Nimesema, na sirudii."

"Hakibaki kwa amri ya nani?" Numbi akauliza. "Minyi mwenyewe nakitaka. Mama Tshala anakitaka. Hata huyu shemeji yako anakitaka, ila anaogopa mudomo yako."

Shemeji mwenyewe, Abdias, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na lango, kofia yake ya kazi magotini. Alijibu kwamba yeye hataki kitabu chochote, anataka jibu. Treni aliyokuja nayo ilikuwa inageuka alasiri hiyohiyo kurudi Lubumbashi, na yeye ndiye mlinzi wa behewa la mizigo. Asipokuwepo, mizigo haiondoki. Huko Lubumbashi kuna mzee mmoja, Papa Ézéchiel, anayeazimisha vitabu. Safari hii alimkabidhi Abdias viwili: akinamama wa Kamina wachague kimoja, kingine kirudi kwa treni ileile, kwa kuwa wasomaji wengine wanakingoja.

"Na munajua treni yetu," Abdias akaongeza. "Ikiondoka leo, kurudi kwake Mungu njo anajua. Kitakachobaki, njo kimebaki."

Vitabu vyote viwili vililazwa juu ya mkeka, kati ya pakiti za meshi za kusukia na kopo la mafuta ya nywele. Vilikuwa vya mwandishi mmoja, Émerence Lumbala, mwanamke anayeandika kwa Kifaransa habari za nchi ambayo haipo: nchi ya wafua chuma wanaoishi kandokando ya ziwa jeusi, ambako wafu huzikwa na bangili za shaba, na mtu akizigonga bangili zile kwa nyundo ndogo, wafu hujibu. Kitabu chake cha kwanza walikuwa wamekimaliza Jumamosi iliyopita. Kilikwisha vibaya, yaani kilikwisha vizuri mno: Seya, binti wa mfua chuma, alifungua mlango ulio chini ya maji akaingia, mama yake akabaki ufukweni ameshika kitambaa cha kichwa cha mtoto. Basi. Ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe.

Kitabu kinene kilikuwa mwendelezo. Kile chembamba kilikuwa hadithi nyingine kabisa, ya mtu aliyenunua mvua. Mwenye akili zake hahitaji kuulizwa anataka kipi. Ndiyo maana wanawake walimshangaa Lucienne, na mshangao wao ulikuwa umeanza kugeuka hasira.

Uwanja ule ulikuwa wa Salomé, msusi, mke wa sajini wa kambi ya Kamina. Alipanga nyumba ya matofali mekundu katika mtaa wa watu wa reli, kwa sababu alisema kambini kila mtu anajua kusuka na hakuna anayelipa. Kila Jumamosi Lucienne alikuja kumsomea. Alisoma Kifaransa kimoyomoyo, sentensi mbili tatu, kisha akazitoa kwa Kiswahili cha Kamina, kwa sauti ya mtu anayesimamia mtihani. Salomé alisuka huku akisikiliza. Na yeyote aliyekuwa chini ya mikono ya Salomé alisikiliza pia, kwa muda wa kichwa chake tu. Kichwa kikiisha, mteja anaondoka, maana kuna mwingine anangoja kigoda.

Hivyo ndivyo kitabu cha kwanza kilivyosambaa mjini, vipandevipande. Mmoja alijua habari za moto mkubwa lakini hakujua nani aliuwasha. Mwingine alijua nani aliuwasha, akawa anawasimulia watu sokoni huku wamefunga masikio. Wanawake waliokuwa wakisuka mistari minene ya haraka, ya kwenda nayo kazini, walianza kuomba misuko midogo midogo inayochukua siku nzima. Mke wa mchungaji, mtu wa kiasi kwa kila jambo, aliomba asukwe hadi mabegani. Waume walilalamika. Salomé alicheka tu akanunua kigoda cha pili.

Aliyekosa kipande aliambiwa na aliyekisikia, na hapo Numbi alikuwa hatari. Alipomsimulia Mama Tshala mwanzo wa kitabu alitia mbuzi ndani, mbuzi mweupe anayemfuata Seya kila aendako. Kitabuni hakuna mbuzi. Mama Tshala alingoja mbuzi yule kuanzia masika mpaka kiangazi, na hadi leo aliamini Lucienne anamruka kwa makusudi.

Leo Mama Tshala ndiye aliyekuwa kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama kichaka. Alikuwa mzee, mtulivu, mzaliwa wa Malemba-Nkulu. Alikimbia huko na wajukuu zake wakati watu wenye silaha walipochoma vijiji, na hakuwa amerudi.

"Lucienne, mwanangu," akasema bila kugeuza shingo, maana Salomé alikuwa ameishika. "Unakataa nini? Yule mama ameachwa pale pembeni ya maji. Minyi nimelala na yule mama siku zote hizi. Nataka kujua kama mutoto atatoka."

"Atatoka, Mama. Au hatatoka. Lakini si mwaka huu. Tazama ukubwa wake." Lucienne akakinyanyua kitabu kinene kwa mkono mmoja, kikampindisha kiganja. "Kile cha kwanza kilikuwa nusu ya hiki, na kilitutoa kiangazi kikatuingiza kiangazi. Hiki chembamba tunakimaliza. Tukisoma Jumamosi na Jumatano, tunakimaliza mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi kuna nini?" Numbi akauliza. "Kitabu iko na homa? Kinaoza?"

Lucienne akakirudisha kitabu mkekani. Alikuwa na diploma ya uongozi wa ofisi na kwa miaka mingi aliandika kumbukumbu za mikutano ya wakubwa waliosema mengi bila kusema kitu. Alijua thamani ya kufunga mdomo. Lakini hakuwa na kipaji cha kudanganya. Alipobanwa, uso wake ulikuwa mgumu tu, na watu wakadhani amekasirika.

Jambo lilikuwa hili. Jumatatu Salomé alimwita nyuma ya nyumba akamwambia kwamba Isaïe, mume wake, amehamishwa kikosi. Wanakwenda Kindu, familia nzima, mwisho wa mwezi. Alimsihi asimwambie mtu. "Wakijua, uwanja wangu utageuka matanga," alisema. "Watakuja kulia juu ya vichwa vyao na minyi nitashindwa kupasua mistari. Acha nisuke mpaka siku ya mwisho." Lucienne aliapa. Usiku ule alipomwona Urbain, mume wake, anakula, alitaka kumwambia, akamwongezea mboga badala yake.

Tangu hapo alikuwa na nia moja: asimwache Salomé aondoke katikati ya kitu. Deni la Lucienne kwa mwanamke yule halikuwa la kulipika, basi angalau limalizwe kwa adabu. Wasome kitabu kimoja kizima, cha mwisho, kianze na kiishe, wao wawili. Kisha wakumbatiane, waagane.

Lilikuwa deni la namna gani? Mama yake mzazi alipofariki, Lucienne alikaa miezi bila kugusa nywele zake. Mwanzoni ilikuwa desturi ya msiba. Baadaye desturi ilikwisha na nywele zikabaki vilevile. Alikwenda kazini amefunga kitambaa, akapika, akafua, akawapeleka watoto shule, na kati ya kazi moja na nyingine hakuongea. Si kwamba alilia. Angelia, Urbain angejua la kufanya. Alizimika tu, kama redio iliyoishiwa betri. Siku moja, akipita kwenda sokoni, mwanamke mgeni asiyemjua, aliyekuwa anafagia uwanja, alimtazama kitambaa, akasogeza kigoda kwa mguu. Hakuuliza nani amekufa. Alifungua, akatazama, akachukua kitana. Zile nywele zilikuwa zimeshikana kama nyuzi za gunia. Kuzifungua tu ilikuwa kazi ya kutwa. Baada ya kitambo akasema, kwa Kiswahili chake chenye Kilingala kingi, "Ndeko, ndugu yangu, mikono yangu inalala kukiwa kimya. Hicho kitabu kwenye kikapu chako, kisome." Kilikuwa kitabu cha Émerence Lumbala. Abdias alikuwa amemletea ili kumchangamsha, naye alikuwa anakitembeza siku nyingi bila kukifungua. Akakifungua. Sauti ya kwanza iliyomtoka ilikuwa ya mkwaruzo hata akajikatisha, akakohoa, akaanza upya. Alisoma mpaka kichwa kikaisha. Alipofika nyumbani, mwanawe mdogo alimtazama akasema, "Mama, umerudi." Alikuwa ametoka asubuhi tu.

Haya yote Lucienne hangeyasema mbele ya Numbi hata angechomwa moto.

"Unaona?" Numbi akawageukia wenzake. "Hana jibu. Ni kiburi tu. Kwa sababu yeye njo anajua Kifaransa, sisi tule anachotaka kutupakulia. Minyi nitamwambia mwanangu anisomee."

"Mwanao alisoma 'fer', yaani chuma, akasema ni moto," Lucienne akasema. "Wafua chuma wote wangeungua."

Abdias akacheka, akajifanya anakohoa. Mama Tshala naye akacheka, mabega yakamtikisika, mstari ukamtoka Salomé mkononi.

"Tulia, Mama," Salomé akasema. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu ugomvi uanze. Akaurudia mstari, akaukaza, akaufunga mwisho wake. Kisha akakiweka kitana chini, akajipangusa mafuta kwenye khanga.

"Numbi, mwache Lucienne. Hana kiburi. Yaani, anacho, lakini si leo." Akavuta pumzi. "Minyi nahama. Bakubwa ba kazi bamempeleka Isaïe Kindu. Tunaenda sote mwisho wa mwezi."

Ng'ambo ya barabara pikipiki ilikuwa inagoma kuwaka. Dereva aliipiga teke, ikakohoa, ikazima.

"Tangu lini?" Numbi akauliza, sauti imeshuka.

"Tangu Jumatatu. Lucienne alijua. Njo maana anapigania kile kidogo namna hii. Anataka tukimalize pamoja kabla sijaondoka." Akamtazama Lucienne. "Sivyo?"

"Ndivyo," Lucienne akasema. "Na uliniapisha, kisha umewaambia mwenyewe mbele ya shemeji yangu. Kwenye behewa lake habari itafika Lubumbashi kabla ya treni."

"Minyi sisemi kitu," Abdias akasema.

Mama Tshala alikuwa amegeuka sasa, na nusu yake ya kichaka. Akaunyoosha mkono akaushika wa Salomé. Yeye alijua kuhama kuliko wote pale.

"Haya," Numbi akasema, akijifuta jicho kwa kiganja kwa hasira, kana kwamba ni jicho lililomkosea. "Kama njo vile, basi kile kidogo. Sina maneno. Lucienne, nisamehe. Chembamba kibaki."

Lucienne akakichukua kinene ili ampe Abdias.

"Ngoja kwanza," Salomé akasema. "Hakuna aliyeniuliza. Minyi nataka kinene."

"Hutakisikia," Lucienne akasema. "Utasikia kidogo, robo labda. Kisha utapanda gari na Seya yuko chini ya maji."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nataka nimwache chini ya maji. Sikiliza. Mama Tshala, weye ulianzia wapi kile kitabu?"

"Kwenye harusi ya mfua chuma," Mama Tshala akasema. "Walipokula samaki."

"Na mwanzo?"

"Numbi aliniambia. Na mambo ya mbuzi."

"Na siku ya mwisho ulilia?"

"Nililia sana."

"Waona?" Salomé akamwambia Lucienne. "Humu uwanjani hakuna aliyesikia kitabu chote isipokuwa minyi na weye. Wengine wote wanaingia, wanasikia kipande, wanatoka. Halafu wanarudi kuuliza. Hata ambaye kichwa chake hakijafumuka anapita langoni: 'Yule mtoto amefika wapi?' Unadhani Numbi angekuja hapa kila wiki kwa sababu ya mikono yangu?"

"Mikono yako iko sawa," Numbi akasema. "Lakini si kila wiki."

"Sasa tukimaliza chembamba, weye na minyi, tumemaliza. Utanipigia simu Kindu kuniambia nini? Minyi najua simu zako, Lucienne. 'Uko? Watoto wako? Haya.' Kisha unakata. Isaïe alidhani tumegombana."

Abdias akatazama chini. Simu zile alikuwa anazijua.

"Simu si mahali pa kukaa," Lucienne akasema, lakini polepole.

"Basi nipe sababu ya kukaa. Kisomeni kinene. Minyi niwe mteja sasa. Sitasikia chote, nitasikia vipande. Jumamosi nitapiga simu: 'Mumefika wapi?' Mutaniambia. Numbi ataongeza uongo wake, weye utausahihisha, tutagombana. Nitakuwa huko na hapa."

Lucienne akabaki ameshika kitabu. Aliona jinsi alivyokuwa amelifikiria jambo lote kama mtu anayehamiwa na jirani: upesi upesi anaosha sufuria aliyoazima, anaikausha, anaipeleka ing'ae, asije akaambiwa amebaki na kitu cha mtu. Alitaka kumrudishia Salomé sufuria. Na Salomé alikuwa anamwambia, ibaki kwako.

Akakohoa kama alivyokohoa siku ile ya kwanza.

"Siku ile nimepita hapa na kichwa sawa pori," akasema, "hukuniuliza kitu. Sijawahi kukwambia aksanti. Nakwambia sasa, mbele ya watu."

"Nilikuwa naogopa kukuuliza," Salomé akasema. "Ulikuwa na sura ya mutu wa kodi. Nilisema, huyu nikimsuka vizuri labda atapita bila kunidai."

Numbi akaangua kicheko kilichochanganyika na kilio, na Mama Tshala akapiga paja lake kwa kiganja. Lucienne naye akacheka, hakuweza kujizuia. Machozi yalimtoka akicheka, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kitabu.

"Yule Émerence," Mama Tshala akasema baadaye, walipotulia, "simjui, na yeye hanijui. Lakini aliandika namna maji yanavyonuka alfajiri, kabla wavuvi hawajaanza kuyachafua. Siku Lucienne alipokisoma kile kipande, nilikuwa kwetu. Nilikuwa kwetu kabisa, nimeketi. Mungu ampe siku nyingi, aandike vingine vinene."

"Amina," Abdias akasema, akasimama, akavaa kofia. "Mama, minyi nachelewa. Nakwenda na kipi?"

Lucienne akainama akaokota kile chembamba, akakipangusa mafuta kwenye jalada kwa pindo la nguo yake, akampa.

"Hiki. Mwambie Papa Ézéchiel kinene kimebaki Kamina, na kitachelewa sana. Mwambie kinasomwa na mji mzima na watu wa Kindu. Akilalamika, mwambie ni minyi nimesema."

"Akilalamika nitamwambia aje mwenyewe kukutana na weye," Abdias akasema. Akakitia kitabu ndani ya koti, akawaaga kwa mikono miwili mmoja mmoja. Alipofika kwa Salomé akasimama kidogo zaidi, akamshika tena mkono. Kisha akatoka mbio kutafuta pikipiki ya kumfikisha stesheni.

Lucienne akawageukia waliobaki.

"Mama Tshala, samahani, toka kwenye kigoda."

"Kichwa changu iko nusu."

"Naona. Utasukwa baadaye, utakaa sana, utasikia sana. Salomé, keti pale."

Salomé akamtazama. "Pale wapi?"

"Kwenye kigoda cha wateja. Si umesema weye ni mteja sasa? Mteja haketi nyuma. Numbi, weye unajua kusuka?"

"Mistari ya kulaza tu. Mibaya."

"Itafaa. Ana mpaka mwisho wa mwezi kuifumua."

Mama Tshala akanyanyuka kwa furaha iliyomshangaza kila mtu, akavuta kigoda cha pili, akakaa karibu, kichaka chake kikipepea. Salomé akavua kitambaa chake. Hakuna mmoja wao aliyewahi kumwona bila kitambaa; nywele zake zilikuwa fupi, zimeingia mvi kidogo juu ya masikio, hazijasukwa na mtu. Akaketi. Kigoda kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani, magoti yakampanda, na akaliona hilo, akacheka peke yake: miaka yote hakujua wateja wake wanaumia magoti.

Lucienne akaketi mkekani, akakilaza kitabu kinene mapajani, akakifungua ukurasa wa kwanza kwa viganja viwili mpaka mgongo wake ukalia. Numbi akasema wangoje kwanza, hajapata kitana, nani amekichukua kitana.

Lucienne hakungoja. Akasoma sentensi ya kwanza kimoyomoyo, ya pili, ya tatu, akainua kichwa, akaanza kuwaambia.